Meza ya Devota

Mwezi uliopita simu yangu iliita nikiwa napika mboga. Nikaona namba ndefu ya ng'ambo, nikaiacha iite, maana siku hizi namba ndefu hazina heri. Ikaita tena. Nilipopokea, kioo kilijaa paji la uso la mwanamume mwenye mvi, kisha pua, kisha dari, na sauti ikasema, "Madamu! Uko unaniona? Mie sijionake." Sikuhitaji kuona zaidi. Alikuwa fundi Byamungu, Mkongomani niliyefanya naye kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye sikuwa nimemsikia tangu alipohamishiwa na familia yake kwenye nchi moja ya baridi. Alikuwa amevaa koti zito ndani ya nyumba. Alinigeuzia simu dirishani nione theluji, akailaani kwa Kifaransa, akauliza habari za magoti yangu nami nikauliza za kwake, kwa kuwa sasa tumefika umri wa kuulizana magoti. Halafu akaacha mzaha. "Ile mutoto ya Makere," akasema. "Minamuwazaka sana. Nikifunga macho minasikia ile meza." Basi tukaanza kucheka, wazee wawili, kila mmoja na bara lake, mpaka mjukuu wangu akaja kutazama kama bibi yake ana akili timamu. Mboga ziliungua siku hiyo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuwaza mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheo ambacho hakuna mtu Kibondo aliyekielewa: mtaalamu wa vifaa saidizi. Kusema kweli hata mimi nilikielewa nusu. Kazi yangu ilikuwa kumwona mtu mwenye ulemavu, mtoto au mtu mzima, kumpima, kuelewa maisha yake yanamtaka afanye nini kutwa, kisha kumtafutia kifaa: kiti cha magurudumu, gongo, fimbo nyeupe, ubao wa picha kwa yule asiyeweza kusema. Baada ya hapo unarudi kuhakikisha kifaa kinatumika, hakijageuzwa kiota cha kuku. Nilikuja na vyeti ambavyo wino wake ulikuwa bado unanukia, na sweta moja tu, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba Kigoma ina milima na kwamba asubuhi ya Kibondo inauma mifupa. Miezi ya mwanzo nilizunguka huko, matope mekundu hadi magotini. Kijijini Busunzu tulimpa mama mmoja aliyepooza miguu tangu utotoni baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Niliporudi kumfuatilia sikumkuta nyumbani. Nilimkuta gulioni, beseni la dagaa limefungwa nyuma, anawapigia watu kelele wampishe. "Ukitaka kunipima, nipime huku nauza," akaniambia, akaendelea kumfungia mteja dagaa. Nilirudi nikiwa na furaha ya kijinga, nikiamini kazi yenyewe ndiyo hiyo, kwamba unampa mtu kifaa naye anakimbia nacho.

Kisha wakanihamishia Kasulu. Nilipanga chumba kwa Bi Zaituni, mjane mwenye duka la vitenge na sabuni, mzaliwa wa Ujiji aliyekuwa na ndugu Tanga na hakuacha mtu asahau hilo. Nduguze walimtumia nazi kwa basi, na Ijumaa alipika wali na samaki wa migebuka kwa nazi, nami nilikula kama mtu aliyetoka kulima. Ukuta kati ya chumba changu na duka lake ulikuwa wa mbao na haukufika darini, kwa hiyo jioni nikijilaza kupumzisha mgongo nilisikia mji mzima ukijadiliwa, nami nikiwemo. "Huyo mpangaji wako ana kazi gani?" mteja mmoja aliuliza. "Anakodisha viti," Bi Zaituni akajibu bila wasiwasi wowote. "Mbona vina magurudumu?" Bi Zaituni akamalizia kukata kitenge. "Basi ni vya maharusi." Niliziba mdomo kwa mto. Wiki haikuisha, alikuja bwana mmoja mwenye kofia safi kuulizia viti vya harusi ya binti yake, na nilipomweleza kazi yangu alikaa chini akaanza kunisimulia habari za kaka yake aliyekatwa mguu. Kaka huyo alipata mguu wa bandia kupitia kwetu. Kwa hiyo Bi Zaituni alidai mpaka mwisho kwamba hakukosea.

Karakana yetu ilikuwa ndani ya kambi, banda la mabati lililonukia chuma cha moto na rangi, na mwenye karakana, kwa roho hata kama si kwa cheo, alikuwa Byamungu. Alikuwa fundi wa kuchomelea na seremala pia, mtu mwembamba, mwenye dharau kubwa kwa viti vilivyoletwa vimefungwa kwenye maboksi. "Hii batu waliifanyia hospitali," alisema akigonga gurudumu jembamba, kwa Kiswahili chake cha Kongo ambacho watu ni 'batu'. "Hapa ni matope." Akalitupa pembeni, akaweka la baiskeli ya milimani. Mchana mke wake alituletea ugali wa muhogo na majani yake yaliyopondwa na kupikwa kwa mawese, na kila siku tulibishana kwamba yale ni kisamvu au sombe, ubishi uliotusaidia kula zaidi. Nikikumbuka sasa naona kwamba sijawahi kucheka kazini kama nilivyocheka kwenye lile banda. Watu wanadhani kazi ya kuhudumia walemavu ni kazi ya huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini mtu aliyekuja kufungwa mguu mpya alitaka kujua kwanza kama utamfaa kuchezea mpira.

Devota aliletwa mgongoni mwa bibi yake kutoka Makere, na alikuwa mkubwa mno kubebwa. Alikuwa na miaka minane. Mtindio wa ubongo ulikuwa umemkaza mikono na miguu, na maneno hayakutoka, ila macho yake yalifuata kila neno letu kama mtu anayesubiri zamu yake kuongea. Bibi Skolastika alimweka chini, akajinyoosha, akasema, "Sitaki baiskeli ya kutembelea tu. Huyu anataka shule. Watoto wakipita na sare anageuza kichwa mpaka wapotee." Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na tangu siku hiyo likawa langu pia. Byamungu alimtengenezea kiti kilichomkaa sawasawa, cha kumshika kiuno na kumwinua mgongo, na mbele akampachikia meza ndogo ya ubao. Siku tuliyompeleka Makere na kumketisha, Devota alitazama uwanja wa nyumba yao akiwa amekaa wima kwa mara ya kwanza, akapiga ukelele mmoja wa furaha uliowatawanya kuku. Bibi aliimba. Hata dereva wetu alijifuta macho na kusingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha.

Nilimchorea ubao wa picha kwa mkono wangu: kikombe cha maji, sahani, choo, kichwa kinachouma, jua, mvua, Bibi, shule, na nyinginezo. Alitakiwa aguse picha kwa ngumi yake, maana vidole havikufunguka. Nami nikaenda kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya pale karibu. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki aeleweke hivyo. Alikuwa amechoka. "Darasa la kwanza limefurika, mwalimu mmoja," aliniambia. "Mtoto asiyejibu akiulizwa, mwalimu atajuaje kama yupo au hayupo? Nionyeshe anajibu. Januari nitampokea. Asipojibu, mwanangu, tusimtese." Nikamwambia atajibu kabla mahindi hayajapandwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeshasema.

Sasa, kila tulipofika pale kwao, kabla hata sijafungua mkoba, Devota alikuwa akigonga meza kwa kifundo cha mkono. Ko, ko. Anatulia, anatutazama. Ko, ko tena, kwa nguvu zaidi, mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kabisa misuli ya namna ile hushtuka yenyewe mtoto akichangamka, na nilijua mtoto anaweza kujiumiza. Nikamwambia Byamungu, naye akakubali mara moja, kwa sababu alikuwa na huruma kuliko mimi. Alikata sponji nene ya godoro, akaishonea ngozi ya plastiki, akaifunga juu ya meza kwa vifungo vizuri vya kufungua na kufunga. Kazi safi. Tuliisifia njia nzima tukirudi. Tuliporudi wiki iliyofuata Devota aligonga, na meza haikutoa sauti. Aligonga tena. Kisha akageuza uso kwenye ukuta.

Na ubao wangu akaukataa. Miezi ilipita hivyo. Nilimnyooshea kikombe, nikamwonyesha picha ya kikombe, nikamshika ngumi taratibu nikaigusisha, nikamsifu kwa makofi na vigelegele. Alinitazama vile mtu mzima anavyomtazama mlevi kwenye msiba. Nilizibadilisha picha, nikazikuza, nikazipaka rangi. Nikaacha kikombe, nikachora kibuyu. Byamungu alisema labda meza iko juu, akaishusha, akaipandisha. Jioni nilijilaza nikimsikia juu ya ukuta Bi Zaituni akimwambia mteja, "Siku hizi hali chakula changu akamaliza. Biashara ya viti imeharibika." Kulikuwa na siku niliamini nimemdanganya bibi wa watu, kwamba mtoto haelewi, na nilijichukia kwa kuwaza hivyo kwa sababu macho yake yalinikatalia. Desemba ikakaribia. Nilianza kupita njia ndefu ili nisikutane na Mwalimu Mkuu.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mvua. Nilifika Makere nimelowa, Bibi akaniingiza jikoni, kibanda cha matofali mabichi chenye moto katikati na maharage yanachemka. Devota alikuwa hapo kwenye kiti chake. Sponji ilikuwa imenyeshewa, Bibi ameivua na kuitundika karibu na moto ikauke, hivyo meza ilikuwa mbao tupu. Tulikaa. Akaja jirani, mama mmoja amejifunika jani la mgomba kichwani, kufuata moto. Hakuuomba moto. Alipiga goti mlangoni, akainama, akagonganisha viganja polepole kama Waha wa huko wanavyosalimia, akasema, "Mwakeye." Bibi naye akapiga viganja, akaitikia, "Mwakeye." Wakaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya mihogo, viganja vikiendelea. Bibi akageukia chungu. Na hapo nikasikia: ko, ko. Polepole, kifundo cha mkono juu ya mbao.

Yule mama aligeuka kwa Devota. Akainama vilevile, akapiga viganja vilevile, akamwita mwanangu kwa Kiha, "Mwakeye, mwana wanje, mwakeye." Devota alicheka kwa mwili mzima, kiti kikatikisika. Yule mama, kama anaongea na mtoto yeyote, akamuuliza, "Mmelala salama na mvua hii?" Ngumi ya Devota ikanyanyuka, ikayumba, ikaelea juu ya ule ubao wangu uliokuwa umeegemezwa pembeni ya meza kwa kukata tamaa, ikashuka juu ya picha ya mvua. Kisha juu ya kichwa kinachouma. "Yoo, imekunyima usingizi," mama akasema. "Hata mimi. Bati linapiga kelele." Akachukua kaa lake la moto akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshikilia kikombe cha chai nimesahau kukinywa.

"Bibi," nikasema, "amefanya nini?"

"Nani?"

"Devota. Pale alipogonga."

Alinitazama kama nimeuliza maharage ni nini. "Amesalimu."

"Tangu lini anasalimu?"

"Tangu mlipomletea meza. Mwanzo hakuwa na pa kupigia. Viganja vyake havikutani."

Nilihesabu kichwani safari zote nilizofika pale na kufungua mkoba. "Na mimi alikuwa ananisalimu?"

Bibi alikoroga chungu, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili. "Kila ukija. Nikasema labda kwenu watoto hawaitikiwi."

"Na sponji, Bibi? Mbona hukusema kitu?"

"Mlisema ni dawa," akajibu. "Nikasema basi, wataalamu. Lakini mtoto aliumia. Na mimi nilijua hatagusa hizo picha zako. Nani anaomba maji kwa mtu ambaye hajasalimiana naye?"

Nililia, na nilicheka, na moshi ulinisaidia kwa yote mawili. Nimefundisha vijana wengi tangu hapo na nimewaambia kisa hiki, nao hucheka mahali panapostahili kuchekwa, lakini sijui kama wanaelewa furaha niliyokuwa nayo pale jikoni. Mtoto hakuwa amekosa lugha. Alikuwa na adabu kuliko sisi. Nilipiga magoti kwenye majivu mbele ya kiti, nikainama, nikagonganisha viganja. "Mwakeye, Devota." Hakunijibu upesi. Alinipima kwa macho, kwa raha zake, na nilistahili. Kisha: ko, ko.

Byamungu nilimweleza mbele ya karakana nzima. Alishika kichwa. "Madamu, tulimufunga kinywa! Sisi benyewe, na bouton, bifungo bizuri!" Akakaa juu ya gurudumu akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka, akasimama, akaanza kazi. Hakuondoa sponji tu. Alitengeneza meza mpya ya mninga, chini yake akaiacha na uwazi kama ngoma, na kifundo cha mkono wa Devota akakishonea mkanda laini wenye kipande cha mbao juu yake, ili kigonge meza na ngozi isiumie. Alijaribu yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, watu wa banda la pili wakachungulia. "Sasa atasalimia mupaka Kasulu," akasema. Jioni ile nilimaliza wali wote, na Bi Zaituni akamtangazia mteja kwamba viti vimeanza kuuzika tena.

Tukaanza upya, mara hii kwa heshima. Nikifika, salamu kwanza, zote, bila kuangalia saa, kisha ndipo ubao. Alijifunza picha zake haraka mpaka nikaishiwa karatasi. Akataka picha ya mbuzi kwa sababu yeye na mbuzi hawakupatana. Akataka picha yangu mimi. Na ilipokuwa imebaki wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, tulimsukuma mimi na Bibi kwenye njia ya shule, magurudumu ya Byamungu yanakata matope, Bibi amevaa kitenge cha kanisani. Kama Devota angekataa kujibu siku ile, kama angenuna tu kama watoto wanavyonuna, ungekuwa mwaka mwingine mzima wa kugeuza kichwa sare zikipita.

Mwalimu Mkuu alikuwa ametupa mgongo, anabandika matangazo ukutani nje ya ofisi, misumari midogo mdomoni. Nilifungua kinywa nimwite. Devota alinitangulia. Ko, ko, polepole, kama mtoto anavyomsalimia mkubwa. Mwalimu Mkuu hakugeuka kutazama ni nani. Alitema misumari kwenye kiganja, akaitia mfukoni, akageuka huku ameshainama, viganja vinagongana, "Mwakeye, mwakeye." Ndipo akainua macho akaona kiti. Alibaki ameinama. Viganja vyake vilikuwa bado pamoja. Mimi nilishika mpini wa kiti nikanyamaza, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote niliyofanya mwaka ule.

"Wa nyumbani hawajambo?" akauliza hatimaye, na alimuuliza yeye, si sisi.

Ngumi ikapanda juu ya ubao. Ikaenda kwenye picha ya Bibi, ikatulia, ikavuka kwenda kwenye picha ya kichwa kinachouma, kisha Devota akatazama chini, kwenye goti la bibi yake, akatazama tena juu.

"Bibi anaumwa goti?" Mwalimu Mkuu akauliza.

Ko, mara moja tu: ndiyo.

"Mimi?" Bibi Skolastika akaruka. "Goti gani? Nani kamwambia? Sijasema kwa mtu!"

"Unachechemea, Bibi," Mwalimu Mkuu akasema. "Kijiji kizima kinaona." Akacheka, Bibi akakasirika, Devota akacheka zaidi ya wote, na mimi nikaegemea kiti nikacheka nao. Mwalimu Mkuu alitoa misumari yake mfukoni, akarudi kwenye tangazo lake, akapigilia msumari mmoja. Akasema bila kutugeukia, "Jumatatu saa moja na nusu. Aje na fagio."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. "Fagio? Mwalimu, huyu atafagiaje?"

"Kila mtoto wa darasa la kwanza analeta fagio," akasema. "Sijasema atafagia. Nimesema alete."

Jumatatu ile Bibi aliamka kukiwa bado na ukungu akakata fagio mwenyewe, refu kupita kiasi, akalilaza juu ya ile meza. Njia nzima watoto wenye sare walitupita wakikimbia, na kila aliyetaka kutupita ilimbidi akwepe fagio la Devota.